Jaji Amenionya, Nimeagiza Keki

Mpendwa Shangazi Verla,

Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, nijibu kwenye gazeti la Alhamisi hii hii, maana Jumatatu nasimama mbele ya Mahakama ya Kodi kule Boise na nimefurahi mpaka usingizi umenihama, na katika watu wote niliowaalika kuja kushuhudia ni mmoja tu aliyekataa, naye ni mke wangu.

Mimi ni fundi wa kujitegemea, natengeneza mitambo ya kumwagilia mashamba ya viazi hapa nje ya Burley, naitwa Orrin Tvedt, andika jina lote ukitaka, simwogopi mtu. Wakati wa theluji kazi hukatika, na ndipo miaka michache iliyopita rafiki yangu alinipeleka kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja akanijulisha kwa Mwalimu Lamar, na Shangazi, siku ile nilifumbuka macho! Mwalimu alitufundisha kwamba ujira si mapato, kwa sababu mimi natoa jasho langu na mkulima anatoa fedha zake, tumebadilishana sawa kwa sawa, faida iko wapi hapo, na kama faida hakuna, kodi inatoka wapi? Nilipiga meza kahawa ikamwagika. Tangu siku hiyo sijalipa kodi, na kila mmoja wetu akiletewa barua ya vitisho kutoka serikalini anakuja nayo kikundini, Mwalimu anaisoma kwa sauti, halafu mwenye barua anapigiwa kengele ya ng'ombe na wote tunasimama tunamshangilia, kwa sababu Mwalimu anasema serikali haimtishi mtu ila ikibanwa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita jaji mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alituweka kwenye simu mimi na wakili wa serikali, akaniuliza nategemea hoja gani, nikammwagia zote, ya ujira, na ile ya pindo la dhahabu kwenye bendera ya mahakamani, ambalo Mwalimu anasema ni alama ya mahakama ya kijeshi isiyo na mamlaka juu ya raia kama mimi. Akaniacha nikamaliza.

"Bwana Tvedt," akasema, "hoja hizi mahakama zimezikataa tangu mimi niko shule. Ni za kipuuzi. Ukizileta tena siku ya kesi nitakutoza faini juu ya kodi yenyewe, na sheria inaniruhusu kufika dola elfu ishirini na tano. Ukiziacha, tutazungumza ya maana. Umenielewa?"

"Nimekuelewa kabisa, Mheshimiwa," nikajibu, na Shangazi, moyo ulikuwa unaruka kifuani, kwa sababu jaji amtishe mtu asiye na hoja kwa nini?

Kikundini walinipigia kengele mpaka mwenye mgahawa akaja kugonga mlango. Mwalimu alinikumbatia. "Ndugu yangu, huyo mama umembana kwenye kona, hana pa kutokea! Hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kutishwa na jaji kwa mdomo wake mwenyewe!" Palepale nikaagiza nyama ya ng'ombe ya kuoka kwa moshi ya kutosha watu arobaini, tule uani kwangu Jumamosi baada ya kesi, na keki kubwa yenye maandishi ORRIN AMEWASHINDA. Wote wanakuja, mahakamani na uani, isipokuwa Mwalimu mwenyewe, ana semina Nevada wiki hiyo, lakini amenitumia ujumbe wa sauti wa kunitia moyo.

Nikarudi nyumbani nikiimba. Marlys, mke wangu, alikuwa anapiga pasi sare yake ya kiwanda cha jibini. Nikamweleza yote, hata pasi hakuiinua.

"Jaji amekuonya, Orrin. Hajakuogopa."

"Wewe sheria huijui, mama watoto."

"Siijui. Lakini mtu akiniambia jiko lina moto, sipeleki mkono nikapime. Hiyo faini ndiyo chumba cha mama."

Hapo alinigusa, sikatai. Tunamjengea mama mkwe chumba ubavuni mwa nyumba, mbao zimesimama, bado paa, na yeye macho yamefifia, analala kwenye kochi sebuleni kwa mwanawe wa kiume, wajukuu wakimkanyaga miguu wakitafuta rimoti. Akiba ya paa ipo benki. Nikamwambia Marlys tukishinda tutamjengea na choo chake. Akaitua pasi.

"Sikiliza basi. Nitakuja Boise. Nitaomba ruhusa kazini, nitavaa gauni la kanisani, nitakaa mstari wa mbele kabisa. Lakini jina lako likiitwa, usimame useme, Mheshimiwa, hoja zile naziacha. Basi. Kama huwezi, nenda na kengele yako ikakuwakilishe."

Tangu hapo hazungumzi jambo hilo, anapika, ananiwekea chakula, ananiuliza habari za mitambo, na mimi naumia, Shangazi, kwa sababu hii ndiyo siku kubwa ya maisha yangu na bila yeye haitakuwa tamu. Nifundishe maneno ya kumlainisha.

Ni mimi,
Mshindi wa Jumatatu

*

Mshindi wa Jumatatu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Unapenda kwa nguvu zote, unaamini kwa nguvu zote, na nyama unaagiza kwa nguvu zote. Nimekupenda bure. Lakini umeniomba maneno ya kumlainisha mkeo, na hayo sina, na ningekuwa nayo ningeyaficha.

Mwanangu, jaji hana deni la kukupigia simu akuonyeshe shimo lilipo. Amekuonyesha, kwa upole, akakuuliza kama umeelewa, na wewe ukaenda kuagiza keki! Hajakutisha kwa kuwa umembana. Amekuonya kwa kuwa ameona wengi kama wewe wakitumbukia na hakupenda kukuona ukiwafuata. Hayo ya jasho na fedha sawa kwa sawa ni matamu kuyasikia, nakubali, hata mimi nilitabasamu. Mahakamani yamesemwa mpaka yamechakaa, na walioyasema walitoka na kodi ileile, na wengine na faini juu yake. Na pindo la bendera ni urembo tu, kama pindo la pazia lako la jikoni.

Nikuulize wewe unayeishi katikati ya mashamba. Kengele ya ng'ombe inamfaa nani? Ng'ombe haimfai. Inamfaa mwenye ng'ombe, asije akampoteza. Kila ukipigiwa ile kengele, Lamar anajua ulipo na kwamba bado ni wake. Mpigie leo umuulize swali moja: kati ya wote mliowashangilia, nani ameshinda? Nataka jina la mtu, sitaki semina.

Unadhani faini hiyo itakuangukia wewe peke yako. Mchuma janga hula na wa kwao, bwana, na wewe umeshawatandikia meza. Kiti cha kwanza umempa bibi asiyeona vizuri, anayengoja paa.

Sasa fanya hivi, na usinibishie. Kesho asubuhi mpigie wakili wa serikali, mwambie hoja zile unaziacha, kisha mwandikie hivyo hivyo. Halafu ingia kwenye gari lako la kazi, nakisia lilivyo, na ufukue risiti zote: vipuri, mafuta, vifaa, matairi. Fundi anayezunguka mashambani ana gharama halali za kupunguza kwenye mapato yake, na hizo ndizo hoja ambazo jaji atazisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote hii ulikuwa na kesi ya maana chini ya kiti cha gari, na wewe unabishana na pazia! Jumatatu fika mapema. Mara nyingi siku za namna hiyo huwapo mawakili wa kujitolea pale mahakamani wanaosaidia wasio na wakili. Uliza walipo, na usione haya. Kodi utakayoambiwa unadaiwa, omba kulipa kidogo kidogo. Itauma. Itauma pungufu ya faini.

Nyama usiifute! Watu arobaini wenye mikono, uani kwako, Jumamosi, mbao zimesimama na akiba bado iko benki? Nunua mabati Ijumaa ya wiki hiyo ya kesi na uwaambie kila mmoja aje na nyundo. Paa lipande kabla nyama haijaiva. Keki nayo mpelekee mama mkwe aikate. Maandishi hatayaona, na utamu atausikia.

Na maneno ya kumlainisha Marlys unayo tayari, alikupa mwenyewe akiwa na pasi mkononi. Ni machache, hata mwenye kigugumizi atayamaliza. Jina lako likiitwa, kabla hujafungua mdomo, geuka nyuma uangalie nani amekuja. Mkeo yuko tayari kukaa mstari wa mbele akusikie ukishindwa. Mwalimu wako hakupata nafasi ya kukaa hata mstari wa nyuma akusikie ukishinda.

Shangazi Verla