Hoteli ya Kumtafutia Khatibu

La Rochelle, Johannesburg
2 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini mguu umepoa na unapata usingizi. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Nakuandikia nimejifunika blanketi, na koti juu yake.

Mama, nimepata ruhusa. Tajiri wangu pale Marshalltown, tunakoshona sare za shule, amenipa wiki moja tu, ya kwanza ya Agosti. Nilimwomba Septemba, kakataa. Basi nakwenda Naxos, kile kisiwa cha Ugiriki ambako yule jamaa wa Ngamiani alimwona mdogo wangu Khatibu akitoa masufuria nyuma ya jiko la hoteli. Hoteli gani? Hakumbuki! Mtu anakumbuka rangi ya aproni, jina la hoteli hakumbuki. Angekuwa karibu ningemzaba kofi.

Viza haitoki bila hoteli iliyolipiwa. Kwenye fomu wanauliza unakwenda kufanya nini. Nimeandika "likizo". Mimi, likizo! Miezi kumi na minne Khatibu hapokei simu, tangu aliposikia Baba amezikwa yeye hayupo, na mimi najaza fomu kama mtu anayekwenda kuota jua.

Na Agosti ndiyo dunia nzima inakwenda kuota jua huko. Kila ninapobonyeza, pamejaa. Jeannine, yule msusi Mkongo ninayekaa naye, ananiambia, "Weye, lala popote, kisha uzunguke uulize." Nimemwambia hapana. Khatibu hana karatasi. Nikianza kupita majikoni nikitaja jina lake, watamficha kabla sijamaliza kusema. Lazima niwe mgeni wa hoteli hiyohiyo, nikae mezani kama wenzangu mpaka atoke na sinia. Nina wiki moja na hoteli moja, Mama. Nikikosea, basi tena.

Usimwambie mtu hapo mtaani.

Mwanao,
Sumaiya


Tanga
4 Juni

Mwanangu Sumaiya,

Waaleikum salaam, marahaba. Mguu haujambo, usinitafutie maradhi. Wewe vaa soksi mbili.

Barua yako nimeisoma kwenye simu mara tatu, na kila nikifika palepale pa Baba yenu nalia. Khatibu anadhani tunamlaumu. Nani amlaumu? Marehemu tumeshamwombea, ninayemtaka sasa ni huyu aliye hai. Sitaki kwenda kaburini na mimi, mtoto wangu haijulikani anakula wapi.

Nitumie hizo picha za hoteli. Zote. Mnaniona mshamba, lakini macho ninayo. Usilipe kabla sijaona.

Mama yako


La Rochelle
8 Juni

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Mimi si mzima, nisikufiche.

Zimebaki hoteli mbili zenye chumba wiki hiyo. Juzi zilikuwa nne. Moja nilikuwa nimeshaichagua, simu mkononi, nikavuka pale kwenye robot, taa za barabarani za huku. Kufika ng'ambo, chumba kimekwenda. Eish, nimelia barabarani mpaka mama mmoja muuza ndizi akanipa kiti chake.

Iliyo chini ina milango ya buluu na ngazi za kushukia baharini. Iliyo juu mlimani ina mtini uani. Wageni wameandika maneno elfu: shuka laini, mandhari mazuri, mhudumu anatabasamu. Hakuna hata mmoja aliyeandika nani anaosha sahani. Nimetazama kila picha nikitafuta mkono, bega, kisogo chake. Hakuna. Wanapiga picha chakula tu, watu hawa!

Nimekutumia zote, na za wageni pia. Nichagulie wewe, akili yangu imegoma.

Mwanao,
Sumaiya


Tanga
9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo salamu fupi. Lipia ile ya mtini! Acha unachofanya ulipie!

Tazama picha ya yule bibi mwenye kofia, ya mwezi uliopita. Mbele yake kuna sahani ya sambusa. Najua si sambusa, Wagiriki wana vitu vyao vya jibini. Lakini zikuze uone zilivyofungwa. Za kule kwenye milango ya buluu kingo zimebanwa kwa uma. Hizi hazikubanwa wala kupakwa uji wa ngano. Kipembe cha mwisho kimechomekwa ndani, tena kwa upande wa kushoto. Nani anafunga hivyo? Mimi nachomeka hivyo, kulia. Na yule mashoto wangu, niliyemfundisha mwezi wa Ramadhani akiwa na miaka tisa, nikamkosoa weee, mpaka nikachoka nikamwachia afunge kishotoshoto chake.

Sumaiya, mwanangu yuko hai. Ule ni mkono wake. Nimeibusu simu, majirani wanadhani nimerukwa na akili.

Mama yako


La Rochelle
19 Julai

Mama,

Shikamoo. Viza imetoka! Chumba nilikilipia siku ileile uliyoniambia, na kilikuwa cha mwisho. Naondoka tarehe mbili Agosti, nafika tarehe tatu. Jeannine amenisuka bure, anasema lazima nifanane na mtalii.

Nina hofu, Mama. Akigeuka akaniona, nimwambie nini kwanza?

Mwanao,
Sumaiya


Tanga
29 Julai

Mwanangu Sumaiya,

Marahaba, na pole na hofu. Mwambie Mama hana kinyongo. Hilo kwanza, mengine yatakuja yenyewe.

Na mimi nimekusaidia jambo. Siwezi kumpeleka binti yangu kwa mtu bila hata salamu, na mtu mwenyewe ndiye aliyemlisha mwanangu muda wote huu. Angetuonaje? Nimemwomba Mwalimu Bakiri, si unajua alikuwa akifundisha Kiingereza, amwandikie mwenye hoteli. Barua ya adabu kabisa: tunamshukuru kwa kumtunza Khatibu Omari wa Tanga, dada yake anafika tarehe tatu, tunaomba ampe nafasi wakae pamoja. Aliituma Alhamisi.

Hapa mtaani sijamwambia mtu mwingine, kama ulivyoniusia.

Safari njema, mama.

Mama yako


Naxos
4 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, namshukuru Mungu.

Khatibu hayupo hapa, lakini usishtuke. Alikuwapo, macho yako hayakukosea. Aliondoka mwezi wa sita, zamani sana kabla ya barua ya Mwalimu Bakiri. Amepata kazi nzuri bara, kwenye mgahawa mkubwa. Aliaga vizuri. Mwenye hoteli amefurahi mno kwa barua yenu, anakusalimu, anasema una adabu. Kwa hiyo barua haikuharibu kitu, Mama. Wala usiiwaze hiyo barua.

Chumba ni kizuri. Chakula pia. Nitarudi Jumamosi, tutafikiri la kufanya.

Mwanao,
Sumaiya


Tanga
5 Agosti

Mwanangu Sumaiya,

Marahaba. Nashukuru umefika salama.

Umenidanganya, na najua kwa nini. Mungu akulipe kwa huruma yako. Mwenye hoteli alijibu siku ya pili tu. Mwalimu Bakiri alinificha, na leo nimemkalia mlangoni mpaka kaitoa hiyo barua. Ni mistari miwili: hapa hakuna mtu wa jina hilo wala hajawahi kuwapo, msiniandikie tena. Huyo ndiye anayenisalimu? Mtoto wangu alikuwa jikoni mwake, barua yangu ikasomwa, akafukuzwa au akakimbia mwenyewe. Ni mimi, Sumaiya. Nimemfukuza mwanangu kwa salamu. Nimekaa sakafuni hapa, sijui nitainukaje.

Lakini una siku nne bado. Usikae mezani tena, na usijifiche. Ingia jikoni, taja jina lake kwa sauti, kwa anayeosha sahani, kwa anayetandika, kwa anayefagia uwanja. Mmoja wao ana namba yake. Wasikwambie aliko kama wanaogopa, siwaombi hilo. Wampelekee neno tu, kwamba ile barua ya Kiingereza haikutoka kwa askari wa uhamiaji. Anamkimbia mama yake.

Mama yenu