Mwari wa Kwenye Debe

Jumatatu, 4 Mei 1998

Nimelitoa debe tena baada ya sala ya alfajiri. Kutoka chumbani mpaka uani, nyuma ya wigo wa makuti, chini ya mkeka alioufunga mume wangu Komora kwenye vijiti. Jua likipanda nalirudisha ndani. Kesho likae kidogo zaidi. Ndivyo anavyotaka yeye. Bangi iliyokulia ndani ukiitoa juani ghafla inaungua, anasema, na hii tayari ina maua. Unyevu wa chumba umeanza kuyaozesha. Basi izoeshwe nje polepole mpaka jua liyamalizie.

Tangu mto ufurike na kubeba shamba letu, hana kazi nyingine. Mmea wenyewe anauita mwari wangu. Mtu mwenye ndevu nyeupe.

Chumba ni cha Zainabu, binti yetu. Ndicho pekee kisichovuja. Komora katoa bati moja juu, kaweka nailoni nzito mwanga uingie. Zainabu alirudi ameachwa, mimba kubwa, akajifungulia hapa, akapewa jiko. Mzazi hajamaliza arobaini yake, analala kando ya mafiga na kichanga chake, Rehema. Baba yake kasema ubani wa mzazi utaharibu harufu ya maua.

Rehema anakohoa. Ni ule moshi wa jikoni.

Nina hasira mpaka kwenye sijida. Mungu nisamehe.

Jumatano, 6 Mei

Komora kanisimamia leo. "Taratibu, we mama! Umebeba mwari, hujabeba kuni!" Kisha kachuchumaa, kageuza jani moja moja. Penye ukungu kakata kwa wembe, kapapuliza. Vidole vyepesi, sijui vilijificha wapi miaka yote hii. Mjukuu wake hajamshika hata mara moja.

Nikipita mlango wa jiko Zainabu akaniita.

"Mama, dada yangu wa kwenye debe kaamkaje?"

"Kaamka salama."

"Hakuvujiwa?"

Tulicheka mpaka akajishika tumbo. Halafu akalia. Nikampa uji wa pilipili manga, akanywa huku analia.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua tangu usiku. Debe halikutoka. Jikoni maji yameingia mpaka chini ya mkeka, Zainabu kakesha amemweka mtoto kifuani. Nimemwomba Komora tena. Nimepiga magoti, mimi mtu mzima. Kanijibu, "Kaachwa, nimempa paa. Sasa anataka na kitanda?" Akaenda zake sala ya Ijumaa.

Kanzu niliipiga pasi mimi.

Jumapili, 10 Mei

Bi Halima, jirani wa upande wa barabara, kaja kumwona mtoto. Hakukaa hata kidogo, pua ikaanza kutafuta.

"Mnafukiza nini humu?"

"Dawa ya mzazi."

Akanusa tena. "Dawa hiyo naijua. Marehemu wangu alikuwa akiitumia, na hakuzaa."

Akacheka. Nikacheka naye. Nimesema uongo nikiwa na udhu, na uongo wenyewe nimeutundika shingoni mwa mwanangu. Sikufikiri. Neno lilinitoka tu.

Jumanne, 12 Mei

Nimeshuka mtoni kuchota maji. Wanawake wamenipisha njia nilipofika. Mmoja, mdomo haujui kufunga, kaniambia: Zainabu anavuta, ndiyo maana mume kamwacha. Wanamwonea huruma eti. Sijui waliyapata kwa Halima au kwa nani, yamefika mtoni kabla yangu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Komora. Nikamwambia, ukweli unaujua, msafishe mwanao. Kafikiri kidogo. Kisha katabasamu, wallahi katabasamu. "Waache waseme hivyohivyo. Mzazi wa arobaini, askari gani atamgusa?"

Nimemchukia. Naliandika neno hili nilitazame. Nimemchukia.

Alhamisi, 14 Mei

Debe sasa linakaa nje mpaka adhuhuri na mkeka umeondolewa nusu. Majani yamekuwa magumu, maua yamenenepa, yananata mkononi. Mwari ana afya.

Rehema amekonda. Akikohoa mbavu zinaonekana.

Komora kaniambia mpango wake wakati wa kula, kama mtu anayeuliza chumvi. Arobaini ikiisha Zainabu aondoke. Atawaambia watu ni kwa ajili ya bangi, hawezi kufuga mvutaji. Na jiko ataligeuza pa kukaushia maua, maana lina joto zuri.

Joto zuri. Hayo ndiyo maneno yake.

Aende wapi na kitoto kile? Nilimuuliza. Kasema dunia ni pana. Akaomba mchuzi uongezwe. Nikauongeza.

Jumapili, 17 Mei

Kaka yangu Bakari kafika kutoka Ndera na mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto. Akika ilichelewa, itafanywa kesho pamoja na kumtoa mtoto nje. Mbuzi dume, mlafi. Kala pindo la leso yangu iliyokuwa kambani, kala na ufagio. Bakari anasema huyu angekula msikiti kama ungekuwa wa nyasi.

Sikumwambia kaka kitu. Nilifungua mdomo mara nyingi.

Jumatatu, 18 Mei

Niandike yote.

Rehema kanyolewa nywele za uzazi. Wanawake wamemtoa mlangoni, kaliona jua, kakunja uso kama bibi kizee. Tulipiga vigelegele. Wanaume walikuwa uani kwenye mikeka. Dua ilipokwisha Komora akasimama na ile sauti yake ya msikitini. Ana jambo zito, anasema. Binti yake kaleta bangi nyumbani, harufu wote wameisikia, na yeye Mwislamu hawezi kulala chini ya paa moja na haramu. Kesho aondoke.

Wazee wakatikisa vichwa. Wakimhurumia yeye Komora! Zainabu alikuwa kakaa na mtoto mapajani. Hakuinua uso.

Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Niliingia chumbani nikalibeba debe kama kila siku, taratibu, majani yasiguse mlango. Nikalipitisha katikati ya wanaume. Nikaliweka kwenye jua tupu, pale alipofungwa mbuzi.

"La nani hilo?" akauliza mzee wa kijiji.

"Si nimewaambieni?" Komora akajibu. "La Zainabu."

"Kama ni la Zainabu," nikasema, "basi likae hapo hapo." Nikaketi chini.

Mbuzi alikwisha kuliona. Akalamba jani. Akaling'oa. Hakuna aliyejongea. Mimi sikumtazama mbuzi, nilimtazama mume wangu. Midomo ilimcheza. Jasho likamshuka. Mbuzi akapanda juu zaidi, kwenye maua, akalikamata tawi kubwa kuliko yote, akavuta.

"Mwari wangu!"

Karuka mikeka. Karuka sinia ya wali. Kamsukuma mbuzi kwa goti na kulikumbatia debe kwa mikono miwili. "Maua yake bado siku chache tu! Siku chache, enyi watu!" Ndipo akakumbuka alipo. Kapiga magoti, majani ndevuni, mbele ya watu wote.

Bakari ndiye aliyesema. "Hongera, shemeji. Mtoto kafanana nawe."

Bi Halima kajiziba mdomo kwa leso. Wengine walicheka, kisha wakaona aibu ya kucheka. Mzee wa kijiji hakucheka. Alituma mtu Garsen. Askari wamekuja kabla ya alasiri, wakamwamuru alibebe debe mwenyewe mpaka kwenye gari. Alijikwaa mlangoni mwa wigo.

"Taratibu," nikamwambia. "Umebeba mwari."

Akanitazama. Miaka yote ya ndoa sijawahi kutazamwa vile.

Nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi. Mbuzi hakuchinjwa. Alilala kivulini anashangaa ukuta.

Jumatano, 20 Mei

Nimekisugua chumba kwa sabuni na majivu. Nimefukiza udi. Nimetandika godoro langu mwenyewe. Sakafuni pamebaki alama ya debe, haitoki.

Zainabu kalala humo usiku wa jana. Leo asubuhi nimemkuta jikoni, kando ya mafiga, mtoto ubavuni.

"Harufu bado, mama. Na nilimsikia baba akipita pita."

"Baba yako hayupo."

"Najua. Huku nimezoea."

Sikubishana naye. Nimemfunika.

Kabla ya hapo, baada ya alfajiri, niliinuka kwa mazoea kulitoa debe. Nilifika katikati ya chumba, mikono nimeshainyoosha. Nikakaa chini pale pale kwenye ile alama.

Mvua imeanza. Jikoni Rehema anakohoa, ananyamaza, anakohoa. Humu hamvuji.