Benchi la Mlangoni Halitoki

Nyumba ya Mchungaji,
Nyuma ya Kanisa.
Jumatatu, tarehe 9

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu tele za shangazi yako. Hamjambo huko, wewe, mkeo na yule mtundu wenu? Kifua chako kimepona, au bado unakaidi kwenda hospitali? Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika nikipanda mimbarini, lakini ni afadhali kuliko wazee wa kanisa, maana lenyewe nikikaa hunyamaza.

Barua yako nimeipata. Umewekewa mikono ya uchungaji juzi tu, na tayari unanishauri: "Shangazi, kubali yaishe, uage kwa heshima." Ulinichekesha, kisha ukaniudhi. Jibu langu ni kwamba sikubali.

Nikueleze yalivyo, maana naona umemsikia mwenyekiti wa baraza peke yake. Karibu na mlango wa kanisa letu kuna benchi refu la zamani. Hapo ndipo wanapokaa wanaotoka zamu za usiku: walinzi, wauguzi, mama mmoja mwoka mikate. Huja moja kwa moja kutoka kazini, na mahubiri yakifika katikati wanalala. Mmoja wao analinda ghala la saruji, na wanakwaya humwita Besi kwa jinsi anavyokoroma. Tangu afiwe na mkewe, nyumbani hapati usingizi. Aliniambia mwenyewe, "Mchungaji, hapa tu ndipo ninapolala bila kushtuka."

Sasa baraza limeona kwamba Jumapili ijayo, siku ya kuniaga ninapostaafu, watakuja wageni wakubwa, na watu wa kukoroma watalitia kanisa aibu. Mwenyekiti akamtingisha Besi bega katikati ya ibada, akamwambia akalale kwake. Besi akaokota kofia yake akatoka, na hajarudi. Benchi likatupwa stoo. Nami nikaambiwa kwamba nikinyamaza nitaagwa kwa shangwe, nikileta ubishi hakuna sherehe.

Nisikilize vizuri, maana hili chuoni hawakukufundisha. Nilipoanza kazi hii nilidhani nimeitwa kuwaamsha watu. Nilipiga meza, nikapaza sauti mpaka ikakauka. Miaka imenionyesha kwamba wengi wanaotujia wamekesha kupita kiasi, na wagonjwa wao, na hofu zao. Mtu akifumba macho mbele yako hajakudharau, amekuamini. Nilimkumbusha mwenyekiti kwamba hata Bwana alilala, tena chomboni, dhoruba ikivuma. Akanijibu kwamba mle chomboni hamkuwa na wageni rasmi. Mzee yule hakosi jibu!

Mengine niliyojifunza ni haya, chukua yatakayokufaa. Ukiingia nyumba ya msiba, anza kwa kuosha vyombo, maneno yatakuja yenyewe. Kwa mgonjwa, sala iwe fupi. Na baraza lako liheshimu, lakini usiliogope hata siku moja.

Jana baada ya ibada nilikwenda kwa Besi. Alinipokea mlangoni, macho mekundu kama pilipili.

"Sitaki kukuharibia sherehe, Mchungaji," akasema.

Nikamwambia sherehe asiyokuwapo yeye siitaki. Akatabasamu kidogo, akauliza, "Sasa nikija nitakaa wapi, na benchi wameshaliondoa?"

Basi leo asubuhi nimemwita fundi seremala. Tumelitoa benchi stoo sisi wawili, goti langu likipiga kelele njia nzima, naye ametoboa sakafu na kulifunga kwa skrubu nene. Anayetaka kulitoa sasa ataondoka na sakafu. Nimempelekea Besi habari, naye amesema atakuja. Jumapili nitahubiri kwa ufupi, kisha nitakipita kile kiti wanachonipambia maua, nishuke hadi mlangoni, nikae pembeni ya Besi. Wakitaka kufuta sherehe, wafute. Nimewatumikia watu hawa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sitaondoka kwa kumwacha mmoja nje. Na nikisinzia pale, asinitingishe mtu.

Nisalimie mkeo, nibusie mtundu. Baba yako ukimpigia simu, mwambie dada yake hajabadilika, atajua maana yake. Nawe, mwanangu, Mungu akupe watu watakaokuamini hata kulala mbele yako.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ukinishauri vibaya.