Si Mimi Niliyekataa

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Nimepalilia maharagwe mpaka jua lilipokuwa kali. Leo ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilikwenda ndivani, bwawa letu la kumwagilia, mapema kufungulia, lakini maji yalifika shambani kwa kusuasua kwa sababu mfereji umebomoka upande wa chini. Mume wangu, Baba Namsifu, alikuja kuutengeneza. Akainua jiwe moja, akaketi. Hakusimama tena mpaka nilipompa mkono.

Mgongo wake umekwisha. Naandika hapa kwa kuwa nyumbani hakuna anayelitamka. Nyumba nyingi za mawe hapa Mbaga amezijenga yeye, na ngazi za zahanati pia. Tangu Pasaka hakuna aliyemwita kazini. Mwashi asiyeinua jiwe ni nani?

Jumatano, 5 Agosti

Mika, binamu yake, ni tarishi katika benki moja Dar es Salaam. Ametuma salamu kwa mtu aliyerudi likizo: tarishi mmoja amezeeka, nafasi ipo, Elieza, yaani Baba Namsifu, aje aonekane. Kazi ya kubeba karatasi na chai. Haina mawe.

Baba Namsifu amefurahi kama kijana. Ameking'arisha kila kiatu mara mbili. Anataka twende wote, nione mji, kisha tuhamie. Nimemjibu mbele ya mama mkwe: nitakwenda, nitatazama, halafu nitakataa. Nani ataangalia kahawa? Nani atashika zamu ya maji? Mama mkwe alicheka, akasema Namsifu atabaki naye, akanipa mkungu wa ndizi za njiani.

Alhamisi, 6 Agosti

Tumeshuka Same na lori la kahawa. Vumbi mpaka kwenye meno. Treni hadi Korogwe, nimesimama nusu ya njia. Sasa tunangoja basi la reli la kwenda Morogoro. Yeye amelala juu ya benchi. Hasemi kama anaumwa, lakini midomo imekauka.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumefika. Giza tayari. Sijaona kitu ila taa.

Jumapili, 9 Agosti

Basi lilimvunja. Ameshinda chini kwenye mkeka, uso ukutani. Nimemkanda kwa maji moto. Kanisani hatukwenda.

Mika amepanga chumba kimoja Ilala. Mkewe yuko Gonja, wanaonana mara moja kwa mwaka. Anajipikia mwenyewe, na anapika vibaya. Nimepika mimi. Amekula, akapangusa macho, akasema ni moshi.

Joto la hapa linakaa juu ya mtu kama blanketi. Silipendi.

Jumatatu, 10 Agosti

Siku ndefu. Niandike yote kabla hayajapoa.

Tulitoka Ilala kwa miguu jua halijachomoza. Mika mbele, na kanzu yake nyeupe ya kazi. Baba Namsifu koti na viatu vyake. Alitembea wima, najua kwa gharama gani. Tulipita Uhindini, maduka bado yamefungwa, kisha tukaingia kwenye barabara ya mabenki. Miti pande zote mbili, kivuli kizuri. Majumba ya ghorofa yenye nguzo. Baba Namsifu aliigonga moja kwa kidole. "Saruji," akasema. "Ndani yake hamna jiwe." Alifurahi kulijua hilo.

Mlango wa benki yao una wavu wa chuma na bamba la shaba. Mtu mmoja alikuwa analisugua bamba hilo mpaka nikaona meno yake ndani yake. Mika alimwingiza Baba Namsifu kwa mlango wa nyuma, mimi wakaniambia ningoje nje. Nikakaa kwenye ngazi. Askari akaja, kijana, mwenye adabu.

"Mama, hapa si pa kukaa."

Basi nikatembea. Sikupotea. Barabara ni moja, imenyooka.

Niliona mwanasesere mkubwa kama mtu, kavalishwa gauni, kasimama nyuma ya kioo. Niliona makarani wakiingia kazini mbiombio, kama watu waliokumbwa na mvua. Dirisha moja lilikuwa wazi, ndani mwanamke wa Kizungu anapiga taipu bila kutazama vidole. Nilisimama nikamtazama mpaka naye akanitazama. Hakukasirika. Akaendelea.

Katikati ya barabara ipo sanamu ya askari ameshika bunduki, mtu mweusi, mwili wa shaba. Nikafuata inakoelekea ncha ya bunduki yake. Sikujua kama bahari iko karibu kiasi hicho. Barabara iliisha, maji yakaanza.

Meli zilikuwa zimetia nanga mbali kidogo, na matishari yanakwenda na kurudi yakiwa yamejaa marobota ya mkonge. Makuli wanabeba, wanaimba, wanatukanana. Chini ya mti walikaa wanawake na vyungu vyao. Mmoja mtu mzima, Mzaramo, jina lake Bi Zuhura, alikuwa anakoroga uji kwa mkono mmoja na mwingine ameubana kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka bara?"

"Upare."

"Basi kaa. Shika mwiko, mkono wangu huu unaniuma tangu jana."

Nikakoroga. Nikagawa. Makuli walikuja kwa fujo, nikawapanga mstari kama watoto wa shule ya Jumapili, wakajipanga. Bi Zuhura alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikamwambia makande. Mahindi na maharagwe, yanapikwa tangu asubuhi.

"Hayo ndiyo wanayoyataka hawa," akasema. "Uji wangu ukifika mchana umeshaisha tumboni. Lete sufuria yako ukae hapa ubavuni kwangu. Kuli hakuulizi kabila, anauliza kama kimeiva."

Nilikaa naye mpaka jua la utosi. Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Tangu niolewe sijakaa mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mke wa nani. Na kazi ile naiweza. Naiweza kabisa.

Nilirudi benki nikitafuta maneno ya kumwambia. Nikamkuta nyuma ya jengo, amekaa kwenye kreti. Viatu ameshika mkononi. Nikamuuliza imekuwaje. Akainuka, akatangulia. Tukarudi Ilala, yeye peku kwenye lami ya moto.

Mika ndiye aliyesimulia, jioni. Matarishi hawavai viatu mle ndani, sakafu isiharibike. Karani mkuu alimwambia Elieza avue, akampa sinia lenye vikombe, akamwambia atembee kutoka mlangoni hadi meza ya mwisho, arudi, aende tena. Vikombe visilie. Makarani vijana waliacha kazi wakatazama. Hakuna kikombe kilicholia. Kazi amepata. Aanze mwanzo wa mwezi.

Mika alikuwa anapiga makofi. Hata mimi nilifurahi, kabla sijamtazama Baba Namsifu usoni.

Aliniita uani.

"Mama Namsifu. Wewe ulisema utakataa."

"Nilisema."

"Basi kataa. Nitamwambia Mika mke wangu hataki mji."

Nilimwambia sikatai. Nikamweleza habari za Bi Zuhura na makande, kwamba nimepapenda, kwamba mimi nitapika na chumba tutalipa wote wawili. Alinitazama kama nimeongea Kizungu. Nikamwambia: kama wewe hutaki, sema hutaki. Si dhambi.

Akaingia ndani. Nimebaki na kuku wa jirani.

Jumanne, 11 Agosti

Treni. Herufi zinaruka.

Amesema. Asubuhi, nikiwa nafunga mzigo, nimemsikia kwa masikio yangu: "Mke wangu amekataa." Mika akaja kunitazama. Akasema, "Shemeji, umemnyima mwenzako riziki." Nikakaza kamba ya mzigo. Ningemjibu, ningemvua mume wangu nguo mbele ya ndugu yake. Siku moja kuvuliwa viatu inatosha.

Lakini nina hasira. Nina hasira sana.

Jumamosi, 15 Agosti

Nyumbani. Baridi nzuri. Mama mkwe amenikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Habari ilitutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Mama Namsifu amemrudisha mume mlimani. Mama Namsifu hakudanganywa na taa. Jirani ameniletea maziwa.

Baba Namsifu anasikia yote. Anatazama chini.

Jumatano, 19 Agosti

Mke wa mwinjilisti amenitaja katika maombi. Mfano mwema. Nilitamani kutoka nje.

Leo nimemwambia. Tulikuwa wawili tu shambani. Nimemwambia nitabeba njaa, nitabeba mgongo wake, nitabeba na mama yake. Shukrani hizi sizibebi. Ni za uongo.

Alifikicha udongo mkononi, nikadhani ndiyo basi. Kisha akasema, "Walinitazama miguu." Akaipangusa udongo. "Chokaa imeipasua, unaijua. Mmoja alimwita mwenzake aje aone."

Ndiyo mara ya kwanza analizungumza. Nilimwonea huruma, na hasira haikutoka. Vyote viwili vimo. Sikujua kama vinaweza kukaa pamoja.

Jumamosi, 22 Agosti

Msaragambo wa kusafisha ndiva. Kila nyumba imetoa watu. Wanaume wanachota tope, wanawake tunabeba, udongo wa mfinyanzi wa kuziba kuta unakandwa pembeni. Baba Namsifu hawezi kuchota. Alikaa ukingoni akiwaelekeza vijana jiwe gani likae wapi.

Mwenye zamu ya kusimamia, mtu mzima wa ukoo wao, alipotupumzisha akaanza utani. Akasema tumshukuru Mama Namsifu, bila yeye fundi wetu angekuwa anawapelekea Wazungu chai. Watu wakacheka. Mama mkwe akacheka kuliko wote.

Baba Namsifu akasimama. Alichukua muda kusimama, mgongo, na watu wakadhani anataka kwenda haja.

"Si yeye," akasema. "Aliyekataa ni mimi. Mama Namsifu alikuwa tayari kubaki."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa nyuma akauliza kama aliwaogopa Wazungu.

"Walitaka nivue viatu. Nilivua. Nikaona sitaweza kuvua kila siku."

Akaketi. Msimamizi akakohoa, akasema tope halijiondoi lenyewe. Tukarudi kazini.

Wakati wa kuteremka mama mkwe alinishika kiwiko. "Kweli ulitaka kutuacha?"

Ningeweza kulizungusha jibu.

"Kweli, mama."

Aliniachia. Akatangulia njia nzima, na kwake hakuniambia kwaheri.

Jumapili, 23 Agosti

Baada ya ibada watu wamenisalimu kwa kifupi. Mke wa mwinjilisti aliona kitu mbali sana upande wa pili. Mama mkwe hajatuma mtoto kuchukua chakula chake, nikapeleka mwenyewe, nikakiacha mlangoni. Atakula. Si mtu wa kutupa chakula.

Kazi ya benki nadhani imeshapata mtu. Mwaka huu tuna kahawa kidogo na maharagwe. Baada ya hapo sijui. Yeye pia hajui. Leo tumelisema kwa sauti, wote wawili, na paa halikuanguka.

Jioni alikaa jikoni kwenye kigoda, akanisaidia kuchagua maharagwe. Hajawahi. Anachagua polepole, anatupa hata mazima. Nikamwacha.

Kisha akauliza yale maji niliyokaa kando yake siku ile yakoje. Nikakumbuka kwamba hakuyaona. Tulifika usiku, akashinda mkekani, akashinda benki, tukaondoka.

Nikamweleza. Nilianza na harufu, nikaenda kwenye matishari, nikaja kwa Bi Zuhura na mkono wake mbovu. Aliuliza maji yanaishia wapi. Nikamwambia sikuona yanakoishia. Aliuliza kama yanatoa sauti. Nikamwambia kidogo, kama mtu anayekunja nguo.

Makande yaliyokuwa motoni yakashika chini ya sufuria. Tukala hivyo hivyo.