Kiwanja Kinachokula Senyenge Nyingi

Vingunguti, Dar es Salaam
Jumatatu, 6 Mei

Kwa dada yangu Mwajabu,

Shikamoo dada. Mie mzima, Mama mzima, goti lake tu ndiyo linagombana na ngazi za hiki chumba cha kupanga. Vipi huko Utete, wanafunzi wako hawajambo? Mnara wenu wa simu bado umelala tangu mafuriko? Ndiyo maana nimeshika kalamu, barua nampa Hamisa anayekuja huko kununua samaki. Usicheke mwandiko. Darasa la sita niliondoka mwenyewe, walimu wakabaki wanalia.

Sasa sikia akili ya mdogo wako. Kile kiwanja cha Mama cha Chamazi, si cha mraba, ishirini kwa ishirini? Edgar, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana kingine kilichopakana na barabara. Anataka tubadilishane. Nikavizunguka vyote viwili na kamba yangu ya kazi. Cha Mama, mita themanini. Cha Edgar, tisini na mbili! Sikutingisha hata nyusi, dada. Kiwanja kinachokula senyenge nyingi ndicho kikubwa, hilo halitaki chuo. Miaka kumi na tano nawazungushia watu uzio, kuanzia matajiri wa Kunduchi mpaka masista wa Kipalapala, nani ataniambia kitu? Edgar ana duka, hana macho.

Hati ina jina la Mama, kwa hiyo Jumamosi saa nne anaweka dole gumba ofisi ya serikali ya mtaa. Nyumba yake tutaijenga palipo pakubwa zaidi. Nipe hongera yangu.

Mdogo wako mjanja,
Kondo


Utete
Jumatano, 8 Mei

Mdogo wangu Kondo,

Marahaba. Sie wazima, maji yameshuka, watoto wamerudi darasani. Mpe Mama pole ya goti.

Hongera sikupi. Usimpeleke Mama Jumamosi.

Ulichopima ni mzingo, yaani safari ya kuzunguka nje. Mama hatalala kwenye uzio, atalala ndani yake, na ukubwa wa ndani ndio eneo. Mbona hukuniandikia urefu na upana wa kiwanja cha Edgar? Kapime kila ubavu, uniletee.

Na kama huniamini, wewe si mtu wa waya? Kata kipande kimoja. Kikunje mraba, kilaze mezani, ujaze kunde humo ndani, tabaka moja tu. Halafu waya huohuo ubinye uwe mrefu mwembamba, kunde ukizisogeza ziingie humo. Waya hautapungua hata ukucha. Uone kunde zitakavyokosa pa kukaa.

Kondo, Mama amepanga miaka ishirini. Kiwanja hicho ndicho pekee alicho nacho.

Dada yako,
Mwajabu


Vingunguti
Alhamisi, 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Sie wazima, ingawa mie umenichoma. Mtu mzima nikacheze na kunde mezani kama mtoto wa chekechea? Nyie walimu ardhi yenu ni ya ubaoni. Mie ya kwangu naichimbia nguzo.

Unataka vipimo? Haya: arobaini kwa sita. Arobaini, dada! Cha Mama kina ishirini tu. Na hiyo sita si haba, malori mawili yanapishana.

Halafu kuna ishu nyingine. Kijiweni nimeshatangaza kwamba Edgar nimemla kichwa. Nikigeuka leo nitapita njia gani? Mama mwenyewe kasema, "Kondo ndiye fundi, mie naweka dole." Keshokutwa, saa nne.

Mdogo wako,
Kondo


Utete
Jumamosi, 11 Mei

Kondo,

Salamu zangu leo ni fupi. Mie mzima, nawe uwe mzima.

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Arobaini mara sita ni mia mbili na arobaini. Ishirini mara ishirini ni mia nne. Unatoa mia nne, unapokea mia mbili na arobaini, unashangilia. Mita za mraba mia na sitini zinazopotea ni vyumba vya Mama, na jiko, na choo.

Nimepanda kilima chenye mtandao mara tatu, simu yako haipatikani. Sasa ni saa nne na robo. Kama ameshaweka dole, niambie. Usinifiche kwa utani.

Dada yako


Vingunguti
Jumanne, 14 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sie wazima. Najua umekaa siku tatu roho juu, nisamehe, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa anachambua kunde. Nikasema ngoja niiue barua ya dada kwa vitendo. Nikakunja waya mraba, nikajaza. Nikaubinya. Dada, kunde karibu nusu zilikosa nafasi. Nikazifagia kwa mkono Mama asione, nikavaa shati, tukaenda. Ndiyo, tukaenda. Simu niliizima makusudi.

Edgar akatia sahihi. Karani akafungua wino, dole la Mama likawa jeusi, likaanza kuishukia karatasi.

"Mama, subiri."

"Nini tena, Kondo?"

"Nimekosea hesabu."

Edgar akageuka na kiti chake. "Wewe si ulitangaza kijiweni umenila?"

"Nimejila mwenyewe, braza."

Ofisi nzima ikacheka. Edgar hakucheka. Alichana karatasi, akasema nimempotezea siku, akatoka. Mama akafuta wino kwenye kanga yake. Kiwanja bado chake.

Ila nakuomba uniandikie upesi, polepole kama kwa mtoto wa darasa la tatu: kipande cha kona tatu eneo lake hupatikanaje? Hesabu hiyo naihitaji kabla ya Jumapili, kuna kiwanja nataka kukipima upya. Sikiliza kwa nini.

Tukiwa njiani kurudi nikamweleza Mama kosa langu, naye akaniuliza neno moja tu: "Na Yuliana, ulimpimia vipi?" Yuliana ni mjane jirani yetu. Mwaka juzi nilimgawia yeye na shemeji yake kiwanja cha marehemu mumewe. Kila mmoja nilimpa senyenge mita sitini, sawasawa. Shemeji akapata mraba. Yuliana akapata kona tatu, nyembamba kama kipande cha sambusa iliyokanyagwa. Watu walinipigia makofi kwa haki yangu.

Jana nikaenda kwake. Nikamweleza yote, kunde na waya. Alikuwa anafua, hakuinua hata kichwa.

"Nilijua, Kondo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Ila ulikuwa unaongea sana, na watu wanapiga makofi. Nikadhani labda mie ndiye sijasoma."

Mdogo wako,
Kondo