Nilitangaza Kanisani Kuwa Binti Yangu Anaenda Ujerumani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza niutangazie umma kwa heshima zote kwamba suti yangu ya kijivu imepanuliwa kiunoni na fundi wa hapa mtaani Free Area, inchi mbili kamili, ili mwenye suti aweze kupumua siku ya kumsindikiza binti yake uwanja wa ndege, na sasa suti iko tayari, kwaya iko tayari, anayekataa ni binti mwenyewe.

Huyu ni Nakhumicha, kifungua mimba wangu, mhandisi, na mwaka huu alipata nafasi mbili za kusomea uzamili wa roboti, zote zimefadhiliwa, moja Ujerumani na nyingine chuo cha hapa hapa Bonde la Ufa, nami nikasimama kanisani wakati wa matangazo nikasema Ujerumani, watu wakapiga makofi, hata jirani yangu Njuguna, ambaye ametusimulia baridi ya kijana wake wa Kanada miaka mitano, akanipa mkono. Kufika nyumbani binti ananiambia, "Baba, si ungeniuliza? Kule mwaka mzima ni roboti za kwenye skrini. Hapa profesa anaunda roboti ya kunyanyua ndoo za maua." Nikamwambia, nimekusomesha uje ubebe ndoo? "Itabeba roboti, Baba. Mama alizibeba kwenye mashamba ya maua Naivasha miaka kumi na minane, leo hawezi kuinama afunge viatu."

Mshauri, mimi ni fundi wa redio na pasi, roboti sizijui, lakini aibu naijua, na mtoto anayemwaibisha baba mbele ya kanisa zima ananikasirisha mpaka chai hainipiti. Bahati nzuri orodha ya mwisho ya wanafunzi wa chuo cha hapa ikatoka bila jina lake, sijui kwa nini, lakini badala ya kushukuru analia, anasema kazi yake haikutosha, anaona haya hata kumwandikia profesa, na Ujerumani hajawajibu. Nimwambie nini akubali?

Sitati, Free Area

Baba Nakhumicha, pole kwa aibu na hongera kwa suti. Sasa kaa chini.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nakwama pale kwenye orodha. Jina la mtu aliyeshapewa nafasi halitoroki lenyewe. Wewe unayejua baridi yote ya Kanada hukutaka kujua hili? Nadhani hukuuliza kwa sababu unajua.

Binti yako alichagua kama mhandisi: alitazama ni nani atamfundisha na mikono yake itashika nini. Wewe ulichagua kwa makofi. Unamwona mtoto akijidharau, halafu unaniomba maneno ya kummalizia?

Mwambie ulichofanya, leo, mamake akiwepo, na usianze na "nilikutakia mema". Jumapili simama palepale ulirekebishe tangazo lako. Ya Ujerumani ataamua yeye, wewe ukiwa kimya.

Majibu haya nilimtumia Sitati kabla ya kuyachapisha. Haya ndiyo aliyoandika baadaye, na binti amekubali yatolewe:

"Mshauri, ni mimi. Aliacha simu mezani akaenda kuanika nguo, barua pepe ya profesa ikaingia ikiuliza kama atakuja. Nikajibu kwa jina lake kwamba amepata kwingine, nikafuta zote mbili. Siku nane nilimsikia akiuliza alikosea wapi, nami nikamwambia ajipe moyo. Jumanne nimemwambia. Hakupiga kelele. Alimwandikia profesa nikiwa nimesimama hapo: 'Jibu lile aliandika baba yangu. Mimi bado nataka.' Profesa amesema nafasi imeshapewa mwingine, ajaribu mwakani. Ujerumani amekataa, atasubiri. Chai ananipa kama kawaida. Lakini watu wa kanisa wakimuuliza mbona hajasafiri, ananitazama, na anayejibu ni mimi."