Vitufe Vitatu Nilivyovificha

Bibi,

Ningekuandikia kwa Kikurya, lakini shuleni nilifundishwa kuandika Kiswahili na Kiingereza tu. Utanivumilia.

Turubai la msiba wako tumeshalirudisha. Kule Matongo, kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, pale ulipokuwa unakaa sasa anakaa Mama Rhobi. Ndiye aliyeniambia jambo ulilonificha.

Unakumbuka nilivyokutengenezea ile simu ya tachi? Nilikuwa nimesoma kwamba skrini nzuri ni ile isiyo na vitu vingi. Basi nikaondoa maandishi, nikaficha na vile vitufe vitatu vya chini, cha kurudi kikiwemo. Ikawa safi kweli. Nikakuonyesha namna ya kupitisha kidole pembeni ili urudi. Mara moja tu, haraka haraka, kwa sababu uliniita "mume wangu" mbele ya wale akina mama, wakacheka, nami nikataka kuondoka. Ni utani wa bibi yeyote kwa mjukuu wake, najua. Lakini aibu yangu unaijua.

Kumbe ukiingia mahali ulikuwa unashindwa kutoka. Unaizima simu, unaifunga kwenye kanga, basi. Mama Rhobi anasema alikwambia uniite, ukamjibu: "Mume wangu kahangaika nayo, nimwambie imenishinda?"

Ungeniambia tu, Bibi. Ningevirudisha dakika ile ile.

Sasa kuna Bibi Boke, mdogo wako aliyeolewa Kenya. Miezi yote ile alikuwa anapiga, hupatikani. Siku ya mazishi alinishika mkono akaniuliza, "Dada alinikasirikia nini?" Nikaangalia chini, nikasema sijui. Siku ile kweli sikujua. Lakini leo ni wiki ya pili najua, na sijampigia.

Bado napenda skrini tupu, sitakudanganya. Ila simu ya mama nimeirudishia vitufe vyote, nikakaa naye mpaka akaweza mwenyewe, bila kumharakisha.

Jumamosi navuka mpaka pale Sirari. Sitapiga simu, maana kwenye simu nitajificha. Nitakaa mbele ya Bibi Boke nimwambie kwamba hukumkasirikia hata siku moja, kwamba simu niliiharibu mimi. Naogopa, Bibi. Akilia, sitaondoka mpaka amalize. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa.

Mwita